Barua Iliyo Katika Faili la Bi Sikio

Tarehe thelathini mwezi huu, Bi Sikio anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la uchapishaji wa vitabu vya watoto kwa miaka thelathini na sita. Mkuu wa idara ya uhariri ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi kwa sababu, kama alivyosema kwenye simu, "Mzee, waliomwona akianza kazi mmebaki wewe na lile kabati la chuma." Nimekubali. Lakini kabla ya pongezi, kuna jambo nililolificha kwa miaka ishirini na miwili. Katika faili la Bi Sikio imo barua ya onyo kali inayosema kwamba aliwatungia watoto maneno ambayo hawakuyasema. Barua hiyo niliiandika mimi nilipokuwa mhariri mkuu. Ni ya uongo, na wakati naitia sahihi nilijua kuwa ni ya uongo.

Kuna la pili, zito kuliko hilo. Nimeliweka mwishoni kwa sababu siku hizi mkono wangu huandika nusu ukurasa tu kwa siku, nikaogopa kwamba nikianza nalo nitaishia hapo, na Bi Sikio atakosa wasifu wake.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye tabia ya kukaa kimya hadi mtu akasahau kwamba yumo chumbani. Wakati ule tulikuwa na desturi moja ambayo bado ipo: kitabu hakiendi mtamboni kabla hakijasomewa darasa la watoto. Tulikuwa tukienda sisi wahariri, tumevaa tai, tunasoma mbele ya darasa, kisha tunauliza, "Mmekipenda?" Watoto wanajibu kwa pamoja, "Ndiyooo," kama wanavyomjibu mwalimu, nasi tunarudi ofisini tumeridhika. Siku moja nilimchukua mpiga chapa wetu anisaidie kubeba vitabu. Alikosa kiti, akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu. Tuliporudi alinipa karatasi mbili zilizojaa mwandiko. Yalikuwa maneno ambayo watoto walinong'onezana wakati mimi nasoma. La kwanza lilisema: "Huyu babu ataacha lini?"

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu.

Nilicheka, nikasoma zilizobaki, nikaacha kucheka, kwa maana kila kasoro ya kitabu kile watoto walikuwa wameiona. Tangu siku hiyo kazi ya kwenda madarasani ikawa yake, na jina la Bi Sikio likamganda. Tulimtengenezea fomu yenye safu tatu: ukurasa, mtoto amesema nini, tubadilishe nini. Kanuni za kujaza fomu niliziandika mwenyewe. Maneno ya mtoto yaandikwe kama yalivyotoka kinywani mwake, wala mtoto asitajwe jina, asije akaulizwa nyumbani au shuleni kwa alichosema.

Waandishi walimwogopa kuliko walivyoniogopa mimi. Alikuwa na kitu alichokiita ukurasa wa choo. Watoto watatu wakiomba ruhusa ya kwenda kujisaidia katika ukurasa mmoja, alisema, tatizo si matumbo, ni ukurasa. Mwandishi mmoja mwenye jina kubwa alikuja kulalamika kwamba kitabu chake kimerudishwa kina kurasa nne za choo. Bi Sikio akamwambia kwa upole, "Kaka, shukuru. Kilichotangulia watoto hawakuomba hata ruhusa."

Lakini mchango wake mkubwa ulikuwa jinsi vitabu vyetu vilivyowaonyesha akina mama na dada. Hakutoa hotuba. Alileta maneno ya watoto, basi. Palikuwa na hadithi ambayo mama yumo jikoni kuanzia jalada hadi jalada, mtoto akauliza, "Mama huyu halali?" Palikuwa na baba aliyesoma gazeti katika kila picha; mtoto akauliza, "Gazeti hilo haliishi?" Mchoraji wetu, mtu mwema aliyefungwa na mazoea, alimchora kila mwanamke ameshika mwiko, hata yule wa wodini. Fomu ikarudi na swali: "Daktari anamkoroga nani?" Mchoraji alilibandika swali hilo juu ya meza yake, likakaa hapo mpaka alipoondoka kazini. Kwa namna hiyo, fomu baada ya fomu, wasichana wa vitabu vyetu walianza kupanda ngazi na kutengeneza redio, na wavulana wakaanza kuosha vyombo bila hadithi kuwashangilia. Hilo la kutoshangilia lilikuwa lake. Alisema kijana akipigiwa makofi kwa kuosha sahani yake, amefundishwa kwamba ile sahani ilikuwa ya dada yake.

Aliamini pia kwamba kitabu peke yake hakitoshi. "Mhariri," aliniambia mara nyingi, "sisi tunawapa kurasa ishirini na nne. Wakifika nyumbani wanamsoma baba yao."

Nyumbani kwake nilifika mara moja, na wenzangu wawili, kumpa pole alipofiwa na mama yake. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele, nguo zake zina vitobo vya cheche. Hakuinuka kwa aibu wala hakutoa maelezo. Wanawe wawili walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini kuhusu nani aliosha vikombe jana. Bi Sikio alipotaka kuinuka kutuandalia chai, yule fundi alimwambia, "Kaa, mama. Leo wewe ndiye mgeni." Akaenda mwenyewe. Niliyatazama yote yale kwa jicho la mhariri. Nilipofika kwangu niliandika kurasa tatu bila kufuta neno, kisha nikahisi kiu, nikachukua kijiko na kugonga glasi.

Hapa sina budi kueleza kugonga glasi ni nini.

Kwetu, nikiwa mezani, sikumwita mke wangu kwa jina, wala mama fulani, wala kwa neno lolote. Niligonga glasi kwa kijiko. Mara moja ilikuwa maji. Mara mbili chumvi au kitu kilichokosekana. Mara tatu, mke wangu aje asimame karibu na kiti changu asikilize ninalotaka kusema. Sikumwekea sheria hiyo siku moja. Ilijijenga kidogo kidogo, na mimi nikaiona ni utaratibu mzuri, nyumba isiyo na kelele. Sikuwahi kumpiga. Kwa miaka mingi nilijipongeza kwa hilo, kana kwamba ni zawadi niliyompa.

Zile kurasa tatu zikawa kitabu. Nilikiita Kiti cha Mama. Kilihusu baba anayemwachia mkewe kiti akirudi kazini amechoka, na watoto wanaojifunza kwa kumtazama. Fundi wa kuchomelea nilimgeuza dereva, mchele nikaugeuza maharage, nikaandika jina langu juu. Bi Sikio aliusoma muswada, akatabasamu, akasema, "Huyu dereva namfahamu."

Akaupeleka darasani. Ilikuwa shule iliyo karibu na ofisi yetu, ambako watoto wengi wa wafanyakazi walisoma, wa kwangu akiwa mmojawapo. Alikuwa na miaka tisa. Sikufikiria lolote, mtoto wangu alikuwa mpole, msomaji mzuri, wa tatu darasani.

Fomu ilirudi mezani kwangu siku ya Alhamisi. Mistari kumi ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Mstari wa kumi na moja, safu ya pili, ulisema hivi: "Baba huyu ni wa kwenye vitabu. Baba wa kweli haongei na mama. Anagonga glasi. Moja maji, mbili chumvi, tatu mama aje asimame. Hata mimi nikigonga, mama anakuja."

Niliusoma nimesimama. Nilichofahamu papo hapo ni sauti ya mwanangu. Jambo la pili lilichelewa kidogo: kwamba hata yeye alikuwa anagonga, nami nilikuwa sijui, au nilijua na sikuona cha kushangaza.

Nilimwita Bi Sikio.

"Mstari huu uondoe," nikamwambia.

"Una kosa gani, Mhariri?"

"Mtoto hawezi kusema hivi. Haya ni maneno ya mtu mzima. Umemtilia kinywani."

"Nimeandika kama alivyosema. Hata hesabu ya kugonga ni yake."

"Mtoto gani?"

"Watoto hatuwataji," akasema. "Kanuni uliiweka wewe."

Nikaufunika mstari kwa kiganja. Yeye akashusha sauti, mlango ulikuwa wazi na mchoraji alikuwa chumba cha pili. "Mhariri, uache upite. Hauna jina. Kamati wataona ni mtoto tu, na kitabu kitafaidika. Hakuna atakayejua ni meza ya nani."

Kwa maneno hayo nilijua kwamba anajua. Alikuwa ananisitiri. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilihisi nimevuliwa nguo, na aliyenivua ni mpiga chapa.

Fomu zote za majaribio zilitakiwa kuambatanishwa na muswada unapopelekwa kwa kamati ya vitabu vya shule. Nilitaka ule mstari utoke, naye hakukubali kuutoa. Alisema, "Nikiufuta huu, basi hata ile kumi sikuisikia." Kwa hiyo nikaenda kwa Mkurugenzi na barua. Nilieleza kwamba mtumishi huyu, kwa kutaka kuonekana hodari, ameanza kuwatungia watoto majibu, na kwamba fomu yake haiwezi kutumika. Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya habari alizopewa. Aliniuliza, "Onyo halitoshi?" Nikamjibu, "Mtu anayewatilia watoto maneno asikae karibu na watoto."

Bi Sikio aliitwa, akaulizwa mtoto ni nani ili jambo lithibitishwe. Angeweza kunimaliza kwa neno moja. Alisema kanuni haimruhusu. Akapelekwa stoo.

Alikaa stoo miaka minne, na wafanyakazi wa zamani wanajua aliifanya nini ile stoo. Alikuta vitabu vimerundikwa kama matofali; aliacha vimepangwa kwa umri wa msomaji. Wapakizi walizoea kula chakula cha mchana wamelala juu ya maboksi. Akaanza kuwasomea. Haukupita mwaka, wapakizi wakawa wanabishana kuhusu mwisho wa hadithi, na mmoja wao, baba wa mabinti wanne, akaomba aazimwe vitabu akawasomee nyumbani. Huyo ndiye aliyeniambia siku moja langoni, bila kujua anamwambia nani, "Mzee, yule mama ametuambia tusome na binti zetu, tena watuone tukimsikiliza mama yao. Nimejaribu. Si kazi ndogo." Akacheka. Nikacheka naye.

Katika miaka hiyo minne Kiti cha Mama kilipita, kikachapishwa mara sita. Nilialikwa mashuleni na kwenye mikutano ya wazazi kuzungumzia namna ya kuwalea watoto wawaheshimu wanawake. Nilizoea kuanza kwa methali, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na akina mama walitikisa vichwa kwa kukubali. Mwanangu alikaa mstari wa mbele, amebeba mkoba wangu mapajani.

Nilipostaafu, mkuu wa idara aliyefuata alimtoa Bi Sikio stoo wiki ya kwanza. Tangu hapo amefunza wasikilizaji wapya kumi na wanane, na leo hakuna kitabu cha shirika hili ambacho hakikupita masikioni mwake au mwa mwanafunzi wake. Lakini mara mbili alipendekezwa kuongoza kitengo, na mara mbili faili lilifunguliwa, barua ikasomwa, nafasi ikaenda kwa mwingine. Hajawahi kuzungumza nami juu ya hilo.

Sasa anakusudia kufungua chumba cha kusomea watoto hapo nyumbani kwake. Mumewe ameshaunda rafu za vyuma, na wanawe wamepaka rangi. Lililobaki ni kibali cha kufanya kazi na watoto, na kibali hicho hutolewa kwa kutazama rekodi ya mtumishi. Anayeomba akiwa na onyo la kuwatilia watoto maneno hapewi. Mkuu wa idara alinitajia jambo hili katika simu ile ile, kwa masikitiko, bila kujua anazungumza na mwandishi wa barua. "Sijui zamani zile alifanya nini," akasema.

Hakufanya kitu. Pamoja na wasifu huu nimempelekea Mkurugenzi wa sasa tamko langu lenye sahihi na shahidi, la kuifuta barua ile. Lakini tamko litakaa ndani ya faili, na aibu aliyopewa Bi Sikio haikukaa ndani ya faili. Ilitembea kwenye korido na kwenye chumba cha chai, na baadhi yenu mliipokea mlipoajiriwa pamoja na funguo za dawati. Ndiyo maana naandika hapa, kwenye jarida mnalosoma wote.

Mtaniuliza kwa nini nilisubiri. Nilikuwa nasubiri kufa. Nilidhani kifo kitatangulia.

Ninaishi kwa mwanangu sasa. Ana miaka thelathini na moja, ana mke na binti wa miaka minne. Ananitunza vizuri sana, siwezi kumlalamikia. Mwezi uliopita tulikuwa mezani, akachukua kijiko akagonga glasi, mara moja, akiendelea kuzungumza nami. Nikamsikia mkwe wangu jikoni akiacha alichokuwa akifanya.

"Mwanangu, usigonge," nikasema.

Akanitazama kwa mshangao, si kwa ubaya hata kidogo. "Mbona wewe ulikuwa unagonga, baba?"

Mjukuu wangu alikuwa anamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, anasubiri kusikia jibu. Nilisema nilikuwa nakosea. Sikujua namna nyingine ya kulisema. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Nimeanza kujichotea mwenyewe, ingawa namwaga zaidi ya ninachokunywa, na mwanangu ameanza kuniuliza maswali. Hatujafika mbali.

Bi Sikio, wafanyakazi wenzako watakushukuru siku ya sherehe kwa maneno mazuri kuliko haya. Mimi nakushukuru kwa kila mstari ulioandika, na hasa ule wa kumi na moja. Chumba chako na kifunguliwe, kijae watoto wa watu, wasiombe ruhusa ya kwenda kujisaidia. Fundi wako na aishi miaka mingi achambue mchele mbele yao. Uzee wako uwe mwepesi kuliko wangu.

Imebaki shukrani moja, nayo si yangu. Kwenye mazishi ya mke wangu, miaka mitano iliyopita, ulikuja ukakaa nami kidogo kwenye benchi. Uliniambia kwamba katika yote yale stoo haikukuuma. Kilichokuuma ni kwamba katika shirika lile zima hakutokea hata mtu mmoja wa kufungua kinywa kwa ajili yako. Nilikusikia, nikatazama chini, nikanyamaza, na tulikuwa hatua kumi kutoka kwenye kaburi.

Alitokea mtu. Wiki moja baada ya wewe kupelekwa stoo, mwanangu alimweleza mama yake kwamba yule mama wa vitabu haji tena darasani, na kwamba watoto wanasema amefukuzwa kwa sababu ya maneno ya glasi. Kesho yake mke wangu alivaa gauni lake la kutokea, la kijivu, akaja ofisini kwa miguu. Alimwambia binti wa mapokezi kwamba anataka kumwona Mkurugenzi. Binti, kwa heshima, akaniita mimi.

Nilishuka. Mke wangu alisimama aliponiona, kama alivyozoea. Lakini safari hii ni yeye aliyesema. "Baba watoto, alichosema mtoto ni kweli, na yule mama hana kosa. Niache nipande nikaseme hivyo tu. Nikimaliza nitarudi nyumbani."

Nilimshika kiwiko, nikamtabasamia binti wa mapokezi, nikamtoa mpaka langoni. Nilimwagiza mlinzi asimruhusu kuingia tena. Alirudi mara mbili, mlinzi akamzuia. Kisha aliandika barua, akaileta kwa mkono, akamwachia mlinzi, nayo ikamfikia Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliniita, akaniuliza barua hii ni ya nini. Nikamwambia kwamba mke wangu ameharibikiwa na akili tangu alipojifungua mara ya mwisho, na kwamba tunamficha kwa ajili ya watoto. Alinipa pole. Akairarua ile barua mbele yangu, kwa wema, ili asinifedheheshe.

Mke wangu alikuwa na akili timamu siku zote za maisha yake. Alikuja kukutetea, Bi Sikio, na mimi nikasema ni mwendawazimu.